Picha 72 kwa siku: kutoka birika la kahawa la Cambridge hadi dirisha langu Umoja

Najua nilipotea, na sina kisingizio cha maana. Nilikuwa naangalia gorofa ikijengwa. Si utani! Kwa siku 210 kamera yangu ilikaa nje ya dirisha hapa Umoja, inapiga picha moja kila dakika kumi na kuituma, nami kila jioni nazihesabu picha zangu kama mfugaji anavyohesabu mbuzi wakirudi zizini.

Leo nimeamua kusimulia habari hiyo. Ila siwezi kusimulia kamera yangu bila kueleza kwanza kamera za namna hii zilitoka wapi, kwa sababu nilichojifunza mwishoni kilikuwa kimeshajulikana na watu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mimi tu ndiye nilichelewa. Jimiminie chai, tuanze.

JUMBA LILILOBOMOLEWA KWA DAKIKA MBILI

Ninachokifanya ni filamu ya kubana muda. Unaiweka kamera mahali pamoja, haitikisiki, inapiga picha moja moja kwa kupumzika. Baadaye unazichezesha picha zote haraka, siku nzima ikapita kwa sekunde chache. Wengi wetu tumeona ua likichanua hivyo, au mawingu yakikimbia juu ya Mlima Kenya.

Mwaka 1901 kampuni ya filamu ya Marekani iliyoitwa American Mutoscope and Biograph iliweka kamera ng'ambo ya barabara, mkabala na jumba la michezo la Star Theatre mjini New York. Jumba lilikuwa linabomolewa. Kamera ilipiga picha moja kila dakika nne, saa nane kwa siku, kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Filamu yenyewe ni ya kama dakika mbili. Unaona paa linaondoka, kuta zinashuka, hadi panabaki uwanja mtupu huku watu na magari ya farasi yakipita chini kama siafu. Wenye kampuni waliwaambia wenye kumbi kwamba wanaweza pia kuicheza kinyumenyume, na jumba litainuka tena kutoka vumbini.

Nilipoiona mara ya kwanza niliwaza Pangani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilibomoa kijiji cha Waafrika cha Pangani hapa Nairobi, na wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo. Kijiji kizima! Sijawahi kuona filamu ya nyumba zile zikishuka, wala ya zile za Shauri Moyo zikipanda. New York walihifadhi kifo cha jumba moja la michezo. Sisi Eastlands tuna masimulizi ya wazee, na wazee nao wanaondoka.

WAVIVU WA KAHAWA

Kamera ya 1901 ilikuwa na shida moja: picha zote zilibaki ndani yake. Ili uzione lazima uende uilipo, utoe filamu, uisafishe kwa dawa. Nani alifikiria kuituma picha kwa waya yenyewe?

Jibu ni watafiti wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1991. Walikuwa na mashine moja ya kahawa, imewekwa nje ya chumba kilichoitwa Trojan Room. Waliokaa orofa nyingine walipanda ngazi wakakuta birika limekauka. Basi Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaelekeza kamera kwenye birika, wakaiunganisha na kompyuta, wakaandika programu mbili: moja ya kutuma picha na nyingine ya kuionyesha kwenye kona ya skrini yako. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, ndogo, nukta 128 kwa 128, na ilibadilika kama mara tatu kwa dakika. Ilitosha. Birika halijazi haraka kuliko hapo.

Mwaka 1993 vivinjari vya wavuti vilianza kuonyesha picha, na Novemba mwaka huohuo Daniel Gordon na Martyn Johnson wakaiunganisha kamera ile na wavuti. Watu wa dunia nzima wakaanza kuangalia birika la kahawa la watu wasiowajua. Kamera ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001, na birika likanunuliwa kwa mnada wa mtandaoni na jarida la Ujerumani, Der Spiegel, kwa pauni 3,350. Kwa birika bovu!

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Mwaka 1996 kampuni ya Axis ya Sweden ilitoa kamera ya kwanza kuuzwa ambayo haikuhitaji kompyuta pembeni. Unachomeka waya wa mtandao na umeme, basi. Ilikuwa na mwendo wa kobe, lakini kwa filamu ya kubana muda kobe anatosha. Hata njia inayotumiwa na kamera nyingi za bei nafuu kutuma picha hadi leo, yaani FTP, ni ya zamani kuliko Umoja. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1971 na Abhay Bhushan, mwanafunzi kutoka India aliyekuwa akisoma chuo cha MIT.

PICHA YA UMOJA INGEPITIA WAPI?

Kuwa na kamera ni jambo moja, kuwa na njia ni jingine. Tuseme ningeishi Umoja mwaka 1999, nina kamera na modemu ya simu ya kasi ya kilobiti 28.8. Picha zangu za sasa zina uzito wa kilobaiti 400 hivi. Moja ingechukua karibu dakika mbili kupanda, na laini ya simu inahesabu pesa.

Halafu ingeenda wapi? Hata kama seva ingekuwa Westlands, kwa mteja wa kampuni nyingine ya intaneti, picha ingepanda setilaiti, ivuke bahari, igeuzwe huko ng'ambo, irudi tena Nairobi. Makampuni yetu hayakuwa na mahali pa kukutania nyumbani. Kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa na mdhibiti baada ya wiki chache, kikaruhusiwa kurudi Februari 2002. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilianza kazi pwani yetu mwaka 2009. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Kwa hiyo ninaposema "nilifunga kamera, ikatuma picha", jueni kwamba sentensi hiyo fupi ina watu wengi nyuma yake waliokesha.

KUIFUNGA

Sasa Umoja. Umoja ya kwanza ilijengwa na Baraza la Jiji katika miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani kupitia USAID, karibu nyumba 3,000, fupi fupi, za familia moja. Wenye nyumba wakaona ardhi ni ile ile na wapangaji wanaongezeka, wakaanza kwenda juu. Leo sehemu nyingi ukisimama barabarani unaona utepe tu wa mbingu. Nyumba iliyokuwa mkabala na dirisha langu ilikuwa mojawapo ya zile fupi za mwisho mwisho kwenye barabara yetu. Mwenyewe alipoamua kuibomoa, nilijua hii ndiyo nafasi yangu.

Nilienda kumwomba ruhusa kwanza. "Mzee, naomba nipige picha mjengo wako kutoka kwangu juu." Akacheka. "Piga tu kijana, hata wezi wa simiti watajulikana." Alifikiri ni kamera ya ulinzi. Sikumsahihisha sana.

Hesabu ilikuwa hivi. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu halichezi: mwaka mzima linachomoza na kutua karibu saa ile ile. Kwa hiyo nikachagua kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Picha sita kwa saa, saa kumi na mbili, ni picha 72. Filamu inakimbia picha 24 kwa sekunde, basi siku moja ni sekunde tatu kamili. Megabaiti 29 kwa siku. Haba na haba, ndugu zangu.

Intaneti ya nyumbani ninayotumia haina anwani yake binafsi, tunachangia wateja wengi, kwa hiyo huwezi kuifikia kamera kutoka nje. Kamera ndiyo lazima isukume. Lakini FTP hutuma neno la siri likiwa wazi, na kamera yangu ya bei nafuu haijui njia nyingine. Nikaweka Raspberry Pi ya zamani ndani ya nyumba. Kamera inaipa Pi picha hapo hapo sebuleni, kisha Pi inazituma nje kwa SSH. Neno la siri la kiwandani nilibadilisha kabla ya lolote. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilikusanya kamera kama hizi kwa maelfu kwa sababu wenyewe waliacha neno la siri la kiwandani, na tarehe 21 Oktoba zikatumiwa kuangusha tovuti kubwa za dunia. Kamera ya kuangalia mjengo isigeuke mhuni.

Fundi wa kuchomelea wa hapa chini alinitengenezea mkono wa chuma, nikakata kopo la rangi kuwa paa la kuzuia mvua. Siku ya tatu nikagongewa mlango. Ni shosho wa nyumba ya pembeni.

"Kijana wangu, hiyo kitu inaangalia wapi?"

Nikashuka na laptopu nikamwonyesha. Akainama, akarekebisha miwani. "Kumbe kamba yangu ya nguo iko hapa yote?" Iko, shosho. Niliona aibu. Katiba ya 2010 inalinda faragha yake, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa ni data yake, lakini sikuhitaji sheria kuniambia. Tuliinua kamera pamoja, yeye akiwa chini anapiga kelele "bado, bado, hapo!", kisha nikaziba theluthi ya chini ya picha kwa weusi. Kilichobaki ni mjengo, mbingu, na kwa mbali kwenye kona ya barabara, mwavuli wa mama mboga. Baada ya hapo shosho akawa mlinzi wangu. Kunguru akitua juu ya kopo, napigiwa simu.

MWAKA 1970

Machi stima ilipotea usiku mzima, ikarudi mchana. Kamera iliwaka kabla ya ruta, ikatafuta saa mtandaoni, ikakosa. Ikaamua leo ni tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku. Wenzangu wa kompyuta wanaijua tarehe hiyo, ndipo mifumo mingi inapoanzia kuhesabu muda. Kwa kuwa niliiambia ilale usiku, mchana ikalala. Usiku ikaamka ikapiga giza kwa bidii. Nilipofungua folda nikakuta picha zinazodai kwamba gorofa ya Mzee ilikuwepo 1970, kabla Umoja yenyewe haijajengwa.

Nilicheka, nikawasimulia vibarua na fundi mkuu wakati wa chai, nao wakacheka. Kisha nikarekebisha: kamera itume saa 24 bila kuulizwa, na Pi ndiyo iamue jina la faili na kutupa za usiku. Pi nayo nikaiwekea saa ndogo yenye betri yake, na pawabenki. Nilidhani nimemaliza.

ASUBUHI TANO

Slabu ya tatu ilimwagwa Jumatatu moja ya Aprili. Kwenye picha unaiona wazi: vibarua wamejaa, karai zinapita mkono kwa mkono, jioni kumekuwa laini juu. Chini yake kuna msitu wa nguzo za mbao zinazoshikilia zege bichi.

Jumamosi jioni nikihesabu mbuzi wangu nikaona msitu haupo. Nguzo zimehamishwa juu kuanza orofa inayofuata, na mawe ya ukuta yamepangwa juu ya slabu ile ile.

Mimi si mhandisi. Lakini yeyote aliyekulia Eastlands anajua kuogopa. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, si mbali na hapa, na watu wasiopungua 49 wakafa. Nikasoma. Zege hupimwa siku ya 7 na siku ya 28 kwa sababu nguvu yake huja polepole, na wiki ya kwanza huwa limepata kama theluthi mbili tu. Haraka haraka haina baraka, na kwa zege msemo huo una vipimo vyake.

Mzee anaishi shambani, huja mwisho wa mwezi. Nilimpigia. Jumatatu asubuhi alikuwa ameshafika, kofia mkononi. Akamuuliza fundi mkuu slabu ilikuwa na siku ngapi nguzo zilipotolewa.

"Wiki mbili, Mzee. Na zaidi."

Nikafungua laptopu, nikaonyesha tarehe kwenye majina ya faili. Fundi mkuu hakutazama hata. "Hiyo kamera si ndiyo ilisema tuko 1970?"

Vibarua wakaangua kicheko. Mzee akanigeukia. Ningeweza kumweleza kwamba siku hizi saa ni ya Pi, kwamba seva ya nje nayo inaandika muda wa kupokea kila faili. Niliona usoni mwake kwamba hiyo ingekuwa ni lugha yangu dhidi ya lugha ya fundi, na fundi ana miaka thelathini kwenye mjengo.

Ndipo nikakumbuka mwavuli. Mama mboga huufungua mara moja kila asubuhi na kuufunga jioni. Nikamwambia, "Mzee, achana na saa. Tuhesabu mwavuli." Nikarudi hadi picha ya vibarua na karai, slabu inamwagwa. Nikasogeza mbele. Mwavuli umefungwa, kivuli kirefu kinalalia magharibi, mwavuli umefunguka. Moja. Mzee akahesabu kwa sauti. Mbili. Kicheko kilikuwa kimeisha. Tatu. Nne. Tano, na kwenye mwavuli wa tano mtu anaonekana amebeba nguzo begani.

Mzee alikaa kimya, kisha akasema maneno mawili: "Rudisha nguzo."

Zilirudishwa siku hiyo hiyo, mawe yakashushwa. Akaletwa mhandisi na nyundo yake ya kupima ugumu wa zege, akasema wasubiri. Kazi ilisimama wiki tatu. Sitasema niliokoa maisha, maana hakuna awezaye kujua slabu ile ingefanya nini. Na sitaficha kwamba wiki tatu zile vibarua hawakulipwa, wakati hawakuwa wao walioamua kutoa nguzo. Mmoja aliniambia langoni, bila hasira, "Boss, kamera yako imetunyima ugali." Nilimpa nilichokuwa nacho. Hakikufika wiki tatu. Fundi mkuu hakunisalimia tena mpaka mjengo ulipoisha.

FILAMU YENYEWE

Mwishoni mwa Julai orofa ya tano ilifika usawa wa dirisha langu, na mapema Agosti ukuta ukaziba kila kitu. Picha ya mwisho ni mawe, na ndoo moja iliyosahauliwa. Nikaishusha kamera. Ukitoa zile zilizopotea na stima, nilibaki na picha 14,000 na ushee, kama filamu ya dakika kumi.

Nimewaonyesha marafiki. Wote wanapenda mwanzo, nyumba fupi inapoyeyuka. Halafu wanafika katikati, mahali ambapo kwa karibu dakika nzima hakuna kinachosogea: nguzo zimesimama, slabu imelala, mawingu yanapita na mwavuli unafunguka na kufunga, unafunguka na kufunga. Hapo kila mtu ananiambia, "Hii sehemu ikate, inachosha."

Ninawaambia watazame hivyo hivyo. Wapangaji wa orofa ya pili wameshahamia, kuna mtoto anayelia asubuhi. Filamu haikatwi.

Haya, tutaonana. Safari hii sitapotea sana.